Mlango wa Kutokea

Nilikwenda kanisani kupeleka maua. Hivyo tu.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwezi ambao kijijini kwetu Aldersby giza huingia kabla chai haijapoa. Kesho yake mjukuu wangu Edith angebatizwa. Ufunguo wa kanisa hukaa kwangu, kwenye msumari kando ya jiko, tangu mume wangu alipofariki.

Mchana tulikuwa tumekula pamoja, nyama ya kondoo ya kuoka na viazi. Nikamwambia mkwe wangu Bryony, mama yake Edith, kwamba mtoto akibatizwa sharti alie, maana kwa kilio ndipo shetani anapotoka. Bibi zetu walikuwa wakimfinya anayenyamaza.

"Thubutu umfinye mwanangu, mama," alisema akicheka. "Tutakubatiza wewe, tena mtoni."

"Kidogo tu, kwenye paja. Hapo hapaonekani."

Mwanangu Clive alicheka mpaka akapaliwa na kiazi. Nayakumbuka sana macheko yale.

Kanisa letu si la kale kama wapita njia wanavyodhani. Mnara tu ndio wa kale. Mengine yalijengwa upya na Sir Josiah Thackwell, aliyekuwa mwenye mashamba yote ya hapa enzi za Malkia Victoria. Alikuta kanisa dogo la kuta za chokaa, lenye roshani ya mbao ambako wanakijiji walipiga fidla zao kila Jumapili. Roshani akaibomoa. Wapiga fidla wakaletewa kinanda, wakae chini wasikilize. Akasimamisha matao yaliyochongoka, akatandaza vigae vyekundu na vyeusi, akaweka vioo vya rangi nzito ambavyo hata mchana wa Juni hugeuza ndani kuwa jioni.

Na mlango wa kaskazini akauziba kwa mawe, akaupiga lipu.

Ulikuwa mlango mdogo, mkabala na birika la ubatizo. Hapakupita mtu hapo. Ulifunguliwa wakati wa ubatizo tu, ili kile kinachomtoka mtoto kipate pa kwenda, nje, upande wa makaburi usiopata jua. Sir Josiah alisema hawezi kumwekea shetani mlango katika nyumba ya Mungu. Simlaumu. Alikuwa msomi, na alilipenda kanisa kwa moyo wake wote. Wa kwanza kubatizwa kwenye birika lake jipya la marumaru alikuwa binti yake mwenyewe, Arabella. Wanawake wakongwe walimsihi autoboe ukuta, hata tundu tu. Akacheka. Mtoto hakulia, wala hakuishi mpaka majani yachipue. Jina lake limechongwa kwenye bamba, pale pale palipokuwa na mlango.

Hayo alinisimulia bibi yangu. Jioni ile sikuyafikiria. Nilifikiria maua.

Niliingia, nikafunga kwa ufunguo kama kawaida yangu, nikawasha taa ya nyuma peke yake. Baridi. Harufu ya nta na ya vitabu vyenye unyevu, kama siku zote. Na nyingine...

Maziwa. Yaliyochacha, kama ya kwenye nguo ya mtoto mchanga.

Nilikuwa nakata mashina ya maua niliposikia kiganja kinapapasa ukuta.

Shaa... shaa...

Mwanamke amesimama upande wa kaskazini, kanipa mgongo. Gauni jeusi mpaka vigaeni. Mkono mmoja umekumbatia kitu kilichofunikwa shali. Wa pili unatembea juu ya lipu, taratibu, kama wa mtu atafutaye kitasa gizani.

"Samahani, mama," nilisema. "Kanisa limefungwa."

"Mlango uko wapi?" Sauti yake ilikuwa pumzi tu.

"Ule pale. Nyuma yangu."

"Huo wa kuingilia." Hakugeuka. "Nauliza wa kutokea."

Nilimkaribia hatua moja, kisu cha maua mkononi.

"Wamebanana humu," alinong'ona. "Na bado mnaleta wengine. Waende wapi?"

Kitu kilichokuwa ndani ya shali kilijinyoosha. Hakikulia.

Kisu cha maua kiliniponyoka. Niliinama kukiokota, na nilipoinuka hapakuwa na mtu. Kwenye lipu palikuwa na unyevu wenye umbo la kiganja. Chini yake, kwenye kimo cha goti, vilikuwapo vingine.

Vidogo. Vingi.

Asubuhi nilimvuta mchungaji kando, nikamwomba tumbatizie Edith nyumbani, au uani, popote.

"Muriel, mpendwa," alisema, "lile birika ni jiwe zima. Nilibebe mgongoni?"

Basi nikaomba kitu kimoja tu: nimshike mtoto mimi. Nilijipanga mwili wangu uwe kati yake na ule ukuta. Mkono mmoja chini ya kichwa chake, wa pili chini ya mgongo. Bryony alinikonyeza: usithubutu! Nikamtikisia kichwa. Sikuthubutu. Mungu anajua vidole vyangu vilikuwa wapi.

Maji yakamwagwa. Edith kimya.

Kisha harufu ya maziwa...

Akatazama juu ya bega langu, kule ukutani. Akatabasamu, kama amtambuaye mtu.

Halafu akapiga yowe.

"Ametoka huyo!" alisema mzee mmoja kwenye kiti cha nyuma, na kanisa zima likacheka.

Nyumbani keki ilikuwa imeshakatwa Bryony alipomvua nguo mtoto ambadilishe nepi. Akaniita, si kwa "mama", kwa jina langu.

Paja la Edith lilikuwa na madoa mekundu yanayogeuka zambarau.

"Ulisema mwenyewe," alisema. "Kwenye paja. Hapaonekani."

"Sikumfinya, Bryony. Tazama udogo wake. Acha niweke kidole changu hapa, upime. Kidole changu kimoja kinayafunika manne!"

"Usimguse."

"Clive, mwanangu, hebu wewe tazama."

Clive alikuwa akitazama keki.

Bryony simlaumu. Aliuamini utani wangu, akakataa kuniamini nilipoapa, na mama yeyote angefanya hivyo. Lakini Clive nilimzaa mimi. Kwenye birika lile lile nilimshika mimi, naye hakulia.

Zawadi ya Krismasi niliyowapelekea ilirudi na karatasi yake, haijafunguliwa. Edith sasa anatembea. Nimeambiwa na jirani.

Niliomba ukuta utobolewe. Wakubwa wa kanisa walijibu kwa adabu kwamba ni kazi ya enzi za Victoria, ni urithi, haiguswi. Mchungaji akaniletea supu, akaniuliza kama napata usingizi.

Kwa hiyo jioni nachukua ufunguo, na kisu cha maua. Nakwangua lipu chini ya jina la Arabella, kidogo kidogo. Vumbi natia mfukoni mwa koti. Nikifika kwenye jiwe sijui nitafanya nini.

Mkono ukichoka napumzika.

Mkwaruzo haupumziki. Uko chini yangu kidogo, kwenye kimo cha goti, na una haraka kuliko mimi.