Mafuta Yasiyochakaa

Kila asubuhi Mwanasaumu alikaanga viazi karai mlangoni kwake, Mtongwe. Jirani yake Jalila alinunua viwili akienda kazini. Leo Jalila aling'ata kimoja, akakitema.

"Shangazi, mafuta haya umeyapata wapi?"

"Mume wangu kaletewa dumu na rafiki yake. Mazuri, wallahi! Siku ya tatu leo, hayachakai wala hayatoi moshi."

Jalila hakucheka. "Mafuta ya kula huchakaa. Epua, shangazi. Usiuze hata kimoja. Nitilie kidogo kwenye chupa safi."

Jalila alikuwa fundi wa maabara chuoni. Mwanasaumu akazima jiko, akamtilia mafuta chupani. Mara akatokea Bi Swabra, jirani mwingine, na sahani yake.

"Umefunga biashara? Au umeshatajirika?"

"Kichwa chaniuma, bibi. Wajukuu hawajambo?"

"Mdogo anaharisha tangu jana. Mambo ya watoto hayo."

Mwanasaumu akakumbuka. Jana Bi Swabra alinunua viazi kumi.

Alasiri Jalila alirudi na karatasi mbili. Kila moja ilichorwa mstari wenye mabonde.

"Ukikaa karibu na makaa, huhisi joto bila kuyagusa?"

"Nahisi."

"Joto lile ni mwanga tusiouona. Unaitwa infraredi. Mashine yetu huupitisha kwenye tone la mafuta. Kila kitu hufyonza sehemu yake ya mwanga, na hapo mstari hushuka. Karatasi hii ni ya mafuta ya kupikia. Unaliona bonde hili refu? Mafuta ya kula hayalikosi."

Mwanasaumu akaitazama karatasi ya pili, ya mafuta yake. Mahali pale mstari ulipita umenyooka.

"Langu halipo," alinong'ona.

"Halipo. Haya ni mafuta ya mitambo. Mtambo gani, mashine haisemi. Lakini si ya kula."

"Na waliokula?"

"Waende zahanati, waseme walichokula. Dumu usilimwage, nitamwita afisa wa afya. Na kuanzia sasa, shangazi, nunua mafuta yaliyofungwa, yenye lebo."

"Wakijua, nani atakula tena mkononi mwangu?"



Mwanasaumu akajitanda leso, akaenda kwa Bi Swabra. Akapiga hodi.

"Karibu mwanangu. Kichwa kimepoa?"

"Kichwa hakikuniuma, bibi. Nilikuficha ukweli. Viazi nilivyokuuzia nilivikaanga kwa mafuta ya mitambo. Sikujua, lakini ni mimi niliyewapa. Mbebe mtoto twende zahanati sasa hivi, kisha nitabisha mlango wa kila niliyemuuzia."