Chembe ya Chuma Jichoni mwa Tomoji

Katika karakana yao katika mji wa mafundi chuma wa Tsubame, Tomoji alinoa visu na mkewe Fusae akavifuta na kuvifunga. Siku zote ilikuwa hivyo. Lakini theluji ya mwaka huu ilipoanza, mkono wa kulia wa Tomoji ulianza kufa ganzi. Visu vikawa vinamponyoka. Fusae aliingiwa na hofu, maana mnoaji asiyeweza kushika kisu hana kazi tena.

Daktari alishuku mishipa ya fahamu ya shingoni, akaagiza kipimo cha MRI. Bi Minagawa, mtaalamu wa mashine hiyo, aliwapokea.

"Hii si eksirei, Mzee. Haina mionzi. Ni sumaku kubwa, inatuonyesha mishipa na nyama laini za ndani. Itapiga kelele, wewe tulia tu. Ila haizimwi hata tukienda kulala, na chuma inakivuta kwa nguvu. Una kifaa cha moyo? Chuma kwenye mfupa?"

"Sina."

"Na mgongoni umebandika nini?"

"Kibandiko cha joto. Baridi hii, binti yangu, utanilaumu?"

"Kina unga wa chuma ndani. Kinaweza kukuunguza, kitoe. Jicho je, limewahi kuingiwa na chuma?"

"Hapana."

Fusae alimtazama mumewe. Hakuwa akidanganya. Kwa wanoaji wa Tsubame, chembe ya chuma jichoni haihesabiwi kuwa jeraha. Mwenzako anakugeuza uso kwenye mwanga, anaitoa kwa ncha ya kijiti, kazi inaendelea. Fusae mwenyewe alishamtolea nyingi. Moja, enzi za ujana wao, ilimshinda. Jicho lilipoacha kuuma, wakaisahau.

Kumpinga mume mbele ya watu kulimwia vigumu. Lakini Bi Minagawa alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Ngoja, binti," Fusae akasema. "Zimemwingia chembe, tena nyingi. Moja sikuweza kuitoa."

"Aa, Fusae, hayo ya zamani."

"Hata ya zamani, Mzee," alisema Bi Minagawa. "Sumaku inaweza kuisogeza ikalichana jicho kwa ndani. Ungeweza kupofuka."

Walimpiga kwanza eksirei ya macho, ikaonyesha kitone cheupe katika jicho la kushoto. MRI ilifutwa. Walitumia kipimo kingine cha mionzi, wakaona mfupa wa shingo umeubana mshipa wa fahamu. Tomoji akaanza matibabu na mazoezi. Theluji ilipoyeyuka, mkono ulikuwa umepata nguvu tena.

Asubuhi moja jirani yao Sugita, mnoaji pia, aliingia karakanani jicho likiwa jekundu.

"Nitolee hii kitu, bwana, nina kazi."

Tomoji alivua miwani yake mpya ya kazi. Akachukua kijiti, akakivunja.

"Nenda kwa daktari wa macho. Na siku yoyote wakitaka kukuingiza kwenye MRI, waambie jicho lako lina historia ya chuma."

"Umekuwa mwoga tangu lini?"

"Tangu mke wangu alipoliokoa jicho langu na mimi nabisha."

Fusae aliviokota viatu ambavyo Sugita alikuwa amevivua mlangoni, akavigeuza vitazame nje, tayari kwa safari ya kwenda kwa daktari.