Kibanda Kisicho na Mlango

"Uko wapi wewe? Baba ameshavaa koti, akalivua, sasa analivaa tena!"

"Mpenzi, usikasirike. Nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Kwenye kibanda. Hiki hiki ulichonichorea."

Mchoraji akakata simu. Jamani, nani angeamini? Kazi yake ni kuchora vibanda vya vyakula kwenye majengo ya maduka, na hajawahi kusikia kibanda kimemzuia mtu kwenda kujitambulisha ukweni. Mara ya kwanza mpenzi wake, mpishi mwenye kibanda hicho, alisingizia homa. Leo baba ameapa: asipotokea, habari yake iishe hapo hapo.

Ujumbe ukaingia na picha: "Ona mwenyewe." Mpishi, ndani ya suti mpya, pua imebanwa kwenye kioo.

"Twende huko huko," baba akasema. "Nataka kumkataa nikimwangalia usoni."

Walikuta watu wamejaa, simu juu, wanapiga picha. Fundi amekalia boksi la vifaa.

"Mlango uko wapi?" baba akauliza.

"Mzee, mimi nafuata mchoro, na kwenye mchoro hakuna mlango. Yeye alikuwa humo anapanga chupa huku anabembeleza mtu kwenye simu. Nimefunga kioo cha mwisho ndiyo anashtuka."

Mchoraji akafungua mchoro kwenye simu yake. Kweli, mlango haupo! Mlango aliuchora kulia. Mpishi akataka friji ikae hapo, mchoraji akauhamishia kushoto. Kushoto likaja sinki. Nyuma ikaja mashine ya kukaangia. Wiki nzima wanagombana na kupatana, mlango unahama tu, hadi walipopatana kabisa akaufuta ili auweke pazuri zaidi. Hakuuweka. Mapenzi haya!

Meneja wa jengo akafika, amevimba.

"Nani kachora upuuzi huu? Hachori tena humu ndani!"

"Kosa ni langu," sauti ya mpishi ikatoka kwenye kijidirisha cha kupitishia sahani. "Yeye alichora vizuri, mimi ndiye nilimsumbua."

"Mwongo huyo!" mchoraji akapaza sauti. "Mlango niliufuta mimi, kwa mkono wangu."

"Nyamaza, utapoteza kazi!"

"Nyamaza wewe uliye kabatini!"

Watu wakaangua kicheko. Meneja naye akashindwa kujizuia.

"Kufikia jioni kiwe na mlango," akasema, akaondoka haraka kabla heshima haijamwisha.

Fundi akainua msumeno kukata ukuta wa mbao.

"Ngoja," baba akasema. "Usimtoe kwanza."

Akainama kwenye kijidirisha.

"Kijana, ile homa ilikuwa ya kweli?"

"Hapana, baba. Nilikuogopa."

"Na leo?"

"Leo nakuogopa zaidi. Lakini nampenda binti yako, na hata kibanda kingekuwa na mlango nisingekimbia."

Mchoraji akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinamtoka, hajali nani anapiga picha. Baba alikohoa, akatazama dari, akakohoa tena. Kisha akapenyeza mkono kwenye kijidirisha.

"Nishike mkono, mkwe."

Wakashikana. Umati ukapiga vigelegele.

"Haya fundi, kata," baba akasema akifuta macho. "Ila siku hawa wawili wakijenga nyumba, mchoro niletewe mimi kwanza."