Mbao Nane za Kona ya Jua

Wewe ungekuwa mwizi, umepanda juu ya nyumba iliyotandikwa mbao sitini za mninga, ungeanza kung'oa zipi? Za karibu na ngazi, au siyo? Basi huyu alizivuka zote, akaenda kufungua nane za kona ya mwisho.

Jambo hilo lilimkera Inspekta Hilaria tangu alipokanyaga paa la Sharifu, pale Korogwe mjini. Paa lenyewe zege tupu, bapa, miaka yote la kuanikia vitu tu. Sharifu kaamua kuligeuza baraza la juu: mbao, viti, wageni wanywe kahawa wakitazama milima. Sasa kona ya mashariki ilibaki na boriti peke yake, kama mbavu za ng'ombe.

"Ni fundi, Habakuki," Sharifu alisema. "Ijumaa tulitoka msikitini tukaunganisha mazikoni Kwashemshi mpaka jioni. Yeye alibaki. Na bisibisi yake tumeiokota hapa."

"Anasema skrubu zilimwishia, akaenda kwake."

"Angesema nini kingine?"

Hilaria akachuchumaa. Matundu safi, hakuna ubao uliopasuka, hakuna skrubu iliyodondoka. Mwizi mwenye haraka hutumia nondo. Huyu alifungua taratibu, kama anayefumua nywele za mtoto.

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mama tu, na magoti yake mabovu. Unamshuku mama yangu?"

"Nakwenda kumsalimu."

Bibi Mwanaidi, aliyehamia kwa mwanawe kutoka Mazingara baada ya kufiwa na mume, alikuwa ameketi kitandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Miguu ya bibi ilining'inia, vidole haviifikii sakafu. Mwenye magoti mabovu halalii kitanda cha kupanda. Na pindo la kanga yake lilikuwa na fundo zito, lililolia kila alipojisogeza.

"Kitanda kimenyanyuka, bibi."

"Godoro jipya."

"Na pindoni?"

"Dawa ya magoti."

"Mbona inalia kama chuma?"

Bibi akalifunika fundo kwa kiganja.

"Habakuki ana siku ya pili mahabusu," Hilaria alisema. "Kesho anapelekwa mahakamani."

"Wanampiga?"

"Hapana. Lakini halali."

Bibi akafungua fundo. Skrubu thelathini na mbili zikamwagika juu ya shuka.

"Kijana wa watu hana kosa. Alipoondoka nilichukua bisibisi sandukuni mwake. Nilimwona anavyofunga, mimi nikazungusha upande wa pili. Mbao nikazishusha kwa kamba ya ndoo. Mwenyewe nikashuka kwa makalio, ngazi moja moja."

Sharifu, aliyemfuata Hilaria mpaka mlangoni, aliingia akainua godoro. Mbao zilikuwa zimepangwa mbili mbili, zimefutwa vumbi.

"Mama, si ungeniambia?"

"Ungenisikia saa ngapi? Wageni watakaa hapa, taa itakaa pale. Siku zote unasema wewe."

Hilaria alipiga simu kituoni Habakuki aachiwe. Kisha akafungua karatasi ya maelezo.

"Ulitaka nini, bibi?"

Bibi alimtazama mwanawe kwanza.

"Kona ile haina kivuli asubuhi wala jioni. Muhogo wangu ukikauka pale unatoa unga mweupe. Uani unaota ukungu, na kuku wanaunyea. Nilitaka pa kuanikia makopa yangu, Sharifu. Pale tu."