Dirisha la Bi Kheiria

Kila baada ya swala ya alfajiri, Mahbuba hufuta vumbi chumbani kwa mama mkwe wake. Hulifuta kwenye kizingiti cha dirisha, kwenye kabati, hata kwenye marfaa ya kuwekea Msahafu. Ikifika adhuhuri, limerudi. Dirisha limefungwa, AC inanguruma, na joto liko palepale.

Nyumba yao iko mtaa wa Al Khoudh, penye upepo wa jangwani. Wamebaki wawili, mjane na mjane: Mahbuba na Bi Kheiria, mama wa marehemu mumewe. Siku hizi Bi Kheiria anakohoa sana. Harub, mwanawe mwengine, akaja na uamuzi.

"Ijumaa nakuja na gari. Mama atakaa kwangu mpaka joto lipite."

"Kwako ghorofani?" Bi Kheiria akamjibu. "Nikae juu kama njiwa? Mie nna kwangu."

"Kwako unakohoa, Mama."

"N'takohoa kwangu."

Harub alipoondoka, Bi Kheiria akauliza kwa sauti ndogo, "Mahbuba mwanangu, utamwachia anichukue?"

Mahbuba akatundika blanketi dirishani. Chumba kikawa giza, na vumbi likaingia vilevile. Bi Kheiria naye akazidisha udi ili kuondoa harufu ya vumbi. Chetezo cha makaa kikashinda kando ya kitanda, na kikohozi kikazidi.

Siku ya pili yake, Nasriya, jirani yao ambaye ni muuguzi, akapiga hodi.

"Mnachoma nyumba, shoga?"

"Karibu. Udi wa Mama huo."

Nasriya alimtoa kwanza Bi Kheiria akakae sebuleni. Kisha akaondoa blanketi, akakipitisha chetezo polepole mbele ya dirisha. Penye kioo, moshi ulipanda juu. Penye fremu, ulisukumwa ndani ya chumba.

"Umeuona? Upepo unapita hapa pembeni. Ndio unaoleta vumbi na joto. AC inapoza, upepo unaharibu."

"Blanketi je?"

"Linazuia jua tu. Nafasi haizibi."

Alasiri Nasriya akaja na plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, na utepe wenye gundi pande mbili. Mahbuba akafuta fremu kwa kitambaa cha maji, akataka kubandika palepale.

"Ngoja pakauke! Gundi haishiki penye maji wala vumbi. Wala usibandike kwenye kioo. Zungusha utepe kwenye fremu yote, usiache hata pembe moja."

Walipokwisha kubandika, plastiki ilikuwa na mikunjo. Nasriya akawasha mashine ya kukaushia nywele.

"Ipitishe tu, usiiweke pahala pamoja, plastiki itatoboka."

Plastiki ikakaza, mikunjo ikaondoka.

"Na lile dirisha jengine dogo, la upande wa uani?" Mahbuba akauliza.

"Lile lizibe kwa utepe wa sponji, lipate kufunguka. Asubuhi isiyo na vumbi lifungueni, chumba kipate hewa."

"Na chetezo changu?" Bi Kheiria akauliza mlangoni.

"Humu basi, bibi. Moshi unakuumiza kifua. Na makaa yakiwaka penye chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu. Huua hata mzima."

"Tangu usichana wangu nafukiza udi! Leo wanikataza wewe, niliyekuona unatambaa?"

"Sikukatazi. Fukizia nguo zako uani, uingie nazo."

Bi Kheiria akanuna. Kisha akacheka. "Haya, daktari wa madirisha."

Ijumaa, baada ya swala, Harub akaja. Begi la mama yake, aliloagiza lifungwe, lilikuwa tayari mlangoni. Akaingia chumbani, akapitisha kidole kwenye kizingiti, akakitazama.

"Umefuta sasa hivi?"

"Tangu jana sijafuta," Mahbuba akajibu.

Harub akasimama chini ya AC. Chumba kilikuwa baridi. Akasikiliza upande wa uani, alikokuwa mama yake. Hakusikia kikohozi.

Bi Kheiria akaingia na buibui lake linalonukia udi.

"Harub, wewe una nguvu. Hilo begi nipandishie juu ya kabati. Halafu njoo tule."