Jumapili Ilikuwaje?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikoroga uji, akauchuja kwa kichujio cha chai usiwe na mabonge, kisha akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile. Baba yake hakuweza tena kumeza kitu cha moto wala kizito. Alimnywesha kwa kijiko, akamfuta mdomo, akasaidiana na mama kumgeuza ubavu wa pili, akanyoosha shuka. Halafu alivaa sare, akabeba madaftari yake, akaondoka. Aliyafanya yote hayo vizuri, bila kusukumwa na bila kuhisi kitu, kama mtu anayekunja nguo za jirani.

Jina la Chiriku alipewa na baba mwenyewe, kwa sababu tangu utotoni alikuwa na mdomo usiopoa. Siku hizi jina hilo lilimpwaya. Tangu daktari alipowaambia kwamba uvimbe wa tumboni mwa baba umeenea na hospitali haina tena la kufanya, maneno yalimkauka kinywani. Hakulia siku ile, wala siku zilizofuata. Mwalimu akimuuliza, "Baba anaendeleaje?" alijibu, "Vizuri, mwalimu," na somo la hesabu likaendelea.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Alipolala kitandani moja kwa moja, aliagiza aletewe kengele moja kutoka kibandani kwake, akaifunga mwenyewe kwa bisibisi kwenye ubavu wa kitanda. Akitaka maji, aliigonga. Akitaka kugeuzwa, aliigonga. Wakati mwingine aliigonga ili kumchokoza shangazi tu, yaani dada yake mkubwa aliyehamia kwao kusaidia kazi. Shangazi alikuja mbio mwiko mkononi, na baba akamwambia, "Tulia, dada. Nilikuwa najaribu breki."

Hospitali ilikuwa imewakabidhi kwa kituo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona ili siku zake zilizobaki asiteseke. Kituo kilikuwa na nesi mmoja tu kwa mitaa yote ya upande ule, na nesi huyo alikuja kwa baiskeli kila Jumatatu na Alhamisi. Baba alimtambua kwa mlio kabla hajabisha hodi.

"Mnyororo wako unalia njaa, nesi," alimwambia. "Utie mafuta."

"Nitautia, fundi, nikipata nafasi ya kupumua."

Nesi alisafisha kidonda cha mgongoni kwa mkono mwepesi, akamjazia chupa ya dawa ya maji ya kutuliza maumivu, akamwonyesha mama kipimo. Alijua kupokea utani na kuurudisha. Nyumba nzima ilimpenda. Akiondoka, mkono mmoja ukiwa tayari umeshika usukani wa baiskeli, aliuliza, "Kwingine mko sawa?" Nao walijibu kwa pamoja, "Hatuna neno, nesi. Tunashukuru sana."

Lakini neno walikuwa nalo. Maumivu yalikuwa yamepanda na kipimo cha dawa kilikuwa kilekile. Dawa iliyokuwa ikimshika baba mpaka jioni sasa ilimwachia kabla ya adhuhuri. Mama hakuweza kumtazama akijikunja, akawa anamwongezea kijiko, na hivyo chupa ya Alhamisi ilikauka Jumapili asubuhi. Jumapili mchana ndipo nyumba iliponyamaza. Mkono wa baba ulitetemeka mpaka ukawa unaigusa kengele, naye akaifunika kwa kiganja isilie, akauma ncha ya taulo. Mama alipiga simu ya kituo. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Chiriku alimshika baba miguu, akawa anatazama mbao za dari.

Jumatatu nesi alikuja na mnyororo wake unaolia njaa. "Mko sawa?" Walikuwa sawa.

Chiriku alimfuata mama uani. "Mbona hatumwambii?"

Shangazi aliyekuwa akimenya viazi ndiye aliyejibu. "Tumwambie nini? Mtoto wa watu anakuja juani, hata maji hajanywa, umpokee kwa lawama? Ukibebwa, bebeka." Mama alianika shuka, akalinyoosha kwa viganja, akalinyoosha tena.

Wiki iliyofuata kituo kilipiga simu. Kesho yake angekuja mkaguzi, mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuwauliza wagonjwa na jamaa zao wanaionaje huduma. Shangazi alifagia nyumba mara mbili, akatandika shuka la maua, akawakusanya wote kando ya kitanda.

"Sikilizeni. Tukitaja dosari, atakayeumia ni nesi wetu. Watamwondoa, watuletee mwingine mwenye uso wa ndimu. Kwa hiyo kila mtu aseme nzuri. Umesikia, fundi?"

"Nimesikia, mwenyekiti," alisema baba kwa sauti ndogo.

"Na wewe, Chiriku?"

"Nimesikia, shangazi."

Mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani mizito. Alivua viatu mlangoni, akasalimia, akakataa kiti kizuri na kuvuta kigoda karibu na kitanda. Aliuliza polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mama alisema huduma ni nzuri. Shangazi alisema hawana la kusema ila shukrani, na kwamba nesi yule angekuwa binti yake asingeomba mwingine. Baba, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja uso, alijitahidi akatabasamu. "Sijambo kabisa, mkaguzi. Nesi wetu hana kasoro, ila mnyororo."

Mkaguzi alicheka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitayarisha.

"Nielezeni Jumapili iliyopita ilikuwaje. Kuanzia asubuhi."

Shangazi alimtazama mama. Mama alitazama sakafu. Baba alifumba macho. Hakuna aliyewaambia waseme nini juu ya Jumapili, na Chiriku, ambaye hakuwa na hofu wala ujasiri, aliona tu kwamba ameulizwa swali analojua jibu lake. Akajibu kama anayesoma jedwali la kuzidisha.

"Asubuhi dawa iliisha. Mama alikuwa amemwongezea siku za nyuma kwa sababu haimtoshi. Mchana baba aliifunika kengele kwa mkono ili tusimsikie. Aliuma taulo. Tulipiga simu kituoni ikaita mpaka ikakata. Tukapiga tena. Jioni alilala kidogo."

"Na Jumapili ya kabla ya hiyo?"

"Hivyohivyo."

Shangazi alimkata jicho. Mkaguzi hakupandisha sauti wala kutikisa kichwa. Aliomba kuliona lile taulo. Chiriku alilileta kutoka kwenye kamba, likiwa na ncha iliyotafunika nyuzi. Mkaguzi alilishika kwa muda, akalikunja, akamrudishia. "Asanteni," alisema. "Kesho mtaletewa dawa, na itakuwa ya kutosha." Akavaa viatu, akaenda zake.

Kesho yake kijana wa pikipiki kutoka kituoni alileta chupa mpya na maagizo ya daktari. Lakini Alhamisi, siku ya nesi, hakukusikika mlio wa mnyororo. Walingoja mpaka jua likazama.

"Basi," alisema shangazi. "Tumempoteza. Ulimi huo, Chiriku. Siku zote umefungwa, ukaufungulia siku ile." Akaenda kukaa jikoni peke yake. Chiriku aliosha vyombo. Alijua kwamba mtu mwingine angejuta au angekasirika. Alijitafuta ndani, hakukuta hiki wala kile, akamwaga maji machafu.

Ijumaa adhuhuri baba alifumbua macho. "Anakuja," alisema. "Na mnyororo una mafuta."

Wote walitoka nje. Nesi alikuwa anashuka kwenye baiskeli, na nyuma yake alikuwapo nesi mwingine, kijana mrefu mwenye baiskeli mpya. Shangazi alimkumbatia nesi akiwa bado na kisu cha vitunguu mkononi.

"Tulijua umefukuzwa, mwanangu. Mtoto huyu ametuponza."

"Nifukuzwe kwa lipi?" Nesi aliketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamvuta Chiriku karibu. "Ngojeni niwaambie. Mimi kila mwezi naomba nipewe mwenzangu. Nawaambia wakubwa wagonjwa ni wengi, siwezi kuwafikia wote, Jumapili ofisini hakuna mtu wa kupokea simu. Wao wananijibu: mbona nyumba zote zinasema nzuri? Nyumba zote, shangazi. Mlinipenda mkanipakia mzigo. Mkaguzi alipotoka hapa alirudi nyumba alizokwisha kupita, akauliza habari za Jumapili tu. Jana tulikuwa kikaoni kutwa nzima. Huyu ndiye mwenzangu. Na hii hapa namba mpya ya simu ya kituo, itapokewa siku yoyote."

Mama alifunika uso kwa mikono. "Na mimi nilikuwa nazidisha kijiko."

"Usirudie bila kuniuliza, mama, dawa hii ina vipimo vyake. Lakini kosa si lako peke yako. Mimi nilikuwa nawauliza kama mko sawa huku nimeshashika usukani. Nani atamwambia shida mtu anayeondoka?"

Shangazi alirudi kwenye vitunguu vyake. Walimsikia akisema mwenyewe, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu methali hiyo." Machozi yalikuwa yakimtoka, na vitunguu vilipata lawama yote.

Jumapili hiyo mchana nyumba ilikuwa kimya tena, lakini kwa sababu baba alikuwa amelala. Taulo lilikuwa kwenye kamba. Alasiri kengele ililia mara moja na Chiriku akaingia na kikombe cha maji.

"Sitaki maji," alisema baba. "Kaa. Nikuulize jambo la kazi. Mteja akiniletea baiskeli, nikamuuliza ina nini, akaona haya, akasema haina neno, nitafanya nini?"

"Utaitia upepo umrudishie."

"Nami nitakuwa nimemtendea vizuri, naye atakuwa amenishukuru. Kisha akifika mteremkoni atagundua hana breki. Miaka yote nimewacheka wateja wa namna hiyo, halafu mimi mwenyewe nikawa mmoja wao. Nesi ananiuliza, nami nafunika kengele." Alipumzika kidogo. "Kuficha ubovu si adabu, mwanangu. Anayekutengenezea mambo mheshimu kwa kumwambia ukweli, mapema, kabla ya mteremko. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Haya. Wewe una nini?"

"Sina neno."

Baba alinyoosha kidole, akagonga kengele. "Mteja huyo," alisema.

Chiriku alitazama kikombe. Maneno yalikuja moja moja. "Sihisi kitu, baba. Tangu siku ile ya daktari. Wengine wanalia, mimi naosha vyombo. Nafikiri nina moyo mbaya."

Baba alimgeukia. "Ukiukalia mguu sana hufanyaje?"

"Hufa ganzi."

"Unakuwa mguu wa mtu mwingine?"

"Wangu."

"Basi. Umekalia jambo zito, ndiyo maana. Siku ganzi itakapotoka itakuwasha na kukuchoma, usiogope. Na usijifiche chumbani. Mwambie mama yako. Msumbue hata shangazi yako, ana masikio makubwa."

"Nakusikia," alisema shangazi kutoka jikoni.

Baba alikufa majuma kadhaa baadaye, asubuhi ya siku ya kawaida, baada ya vijiko viwili vya uji. Nesi alikuwapo, na mama alikuwa amemshika baba mkono mmoja. Hakuuma kitu. Mkono wake mwingine ulikuwa wazi juu ya shuka, kando ya kengele. Watu walijaa, wakalia, wakazika, wakatawanyika. Chiriku aliosha vikombe vyote.

Msiba ulipopoa, mkaguzi alibisha hodi. Alivua viatu, akavuta kigoda kilekile, akasema kwamba kituo huwauliza pia waliobaki, ili wagonjwa wanaofuata watunzwe vizuri zaidi. Shangazi alifungua kinywa, akakifunga, akamwachia mama.

"Mwanzoni hali ilikuwa mbaya," alisema mama. "Dawa haikutosha na simu haikupokelewa. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulimtesa mume wangu. Baadaye mlirekebisha. Alikufa hana maumivu. Na nesi amechoka bado, mumpe likizo."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, binti, unaendeleaje?"

Neno "vizuri" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, kama kawaida. Chiriku aliangalia kitanda kilichotandikwa, na kengele ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifungua. Akanyoosha kidole, akaigonga. Mlio wake ulienea chumba kizima, na hakuna aliyeagiza maji.

"Ganzi inatoka," alisema. "Inachoma."

Mama alimvuta kifuani. Chiriku akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, akilia na kusema, akisema na kulia: habari za uji, za mbao za dari, za taulo, maneno ya miezi yote. Hakuna aliyemnyamazisha. Mkaguzi alitulia kigodani mpaka mwisho.

"Umejibu vizuri," alimwambia alipokuwa akivaa viatu. "Anayesema panapouma ndiye anayeweza kusaidiwa. Watu wazima wengi niliowauliza walishindwa kunijibu hivyo."