Kiti cha Upinzani

Mdahalo ulipokwisha, wanafunzi wakawa wanarudisha viti ukutani. Mmoja wao, Kahaso, alikishika kiti cha upinzani, akakiachia upesi. Kilikuwa na joto, kama kwamba mtu ameinuka sasa hivi, na tangu mchana hakikukaliwa na yeyote.

"Labda ni jua," alisema Chome.

Jua gani, na ukungu wa vilima vya Shimba ulikuwa umelifunika bwalo zima?

Chome ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Mdahalo katika chuo kimoja cha ualimu cha misheni, huko juu karibu na Kwale, mwaka wa hamsini na sita. Hoja ya Jumamosi ile aliichagua mwenyewe: hakuna majini. Akamshikilia rafiki yake Menza aitetee, maana Menza alikuwa na sauti ya kutikisa mabati. Wa kupinga hakupatikana. Nani angethubutu kusema majini wapo, halafu padri mkuu asikie? Lakini Chome alipenda kanuni kuliko wali. Alikigeukia kile kiti kitupu, akasema kama ilivyompasa, "Anayetaka kupinga, karibu." Akarudia, na akarudia tena. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Asubuhi, kanisani, Menza alisimama kusoma somo. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Alikohoa, akajaribu tena, jasho likimtoka. Ndipo kutoka bwaloni, ng'ambo ya uwanja, mlango ukiwa na kufuli, wote wakaisikia sauti yake, ile ile nene, ikisema taratibu, "Mheshimiwa mwenyekiti, nashukuru kwa kunikaribisha, napinga hoja," kisha ikaendelea bila kupumua, ikiwataja wanafunzi mmoja mmoja kwa majina ya nyumbani kwao, majina ambayo hawakuwahi kumwambia mtu pale chuoni.

Padri mkuu alifungua bwalo. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imelowa, na pote palinuka mwani mbichi, ingawa bahari ilikuwa mbali, chini kabisa. Akaomba kwa nguvu. Sauti ilinyamaza kwa adabu mpaka amina, kisha ikaendelea pale ilipoachia.

Alhamisi mkaguzi angekuja kumtazama Menza akifundisha. Asiye na sauti hafundishi. Angerudishwa Kinango kuchunga mbuzi wa baba yake. Menza hakumlaumu mtu. Alikaa tu kitandani, ameshika koo. Chome alimwonea huruma mpaka chakula kikamshinda, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtia katika balaa lile.

Akashuka kijijini kwa Bibi Mwanarusi, mganga wa Kidigo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona watetemeka?"

Alimweleza yote. Bibi alifunga mlango kwanza, ndipo akajibu, kwa sauti ya chini.

"Mgeni uliyemkaribisha mwenyewe hafukuzwi, mwanangu. Husindikizwa. Mtoe mpaka njia panda, muage vizuri, naye atarudisha cha watu. Lakini akikukaribisha kwake, nyamaza. Wallahi, usimwitikie!"

Jumatano alasiri Chome alisimama mlangoni mwa bwalo, Menza nyuma yake. "Mgeni wetu," alisema, "twende nikusindikize." Kiti kilisogea. Wakateremka njiani, na kando ya Chome nyayo zilizolowa zikawa zinajichora mavumbini, moja baada ya nyingine, zikipunguza mwendo alipopunguza na kuharakisha alipoharakisha, na ile harufu ya mwani ikamjaa puani mpaka akahisi chumvi kinywani, na hakuthubutu kugeuza shingo.

Kwenye njia panda nyayo zilisimama. "Kwaheri, mgeni wetu," alisema Chome.

"Ahsante kwa ukarimu," ilisema sauti ya Menza, sikioni mwake. "Nawe karibu kwangu."

Chome aliuma ulimi. Alimtazama Menza, naye akafumbua kinywa. Kimya.

"Karibu kwangu," ilirudia kwa upole, karibu zaidi.

Menza alikuwa akilia sasa, analia bila sauti, kinywa wazi. Chome hakuweza kuvumilia.

"Ahsante," alinong'ona. "Nitakuja."

"Chome!" Menza alipiga kelele, akamkumbatia. "Nasema! Nasikia nasema!"

Walipopita kwa Bibi Mwanarusi kumshukuru, alimshika Chome mkono. "Alikukaribisha?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Alhamisi Menza aliwafundisha watoto hesabu, sauti ikifika hadi uwanjani, na mkaguzi akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Chome alikaa nyuma kabisa, amefurahi hata machozi yakamlengalenga. Kisha akasikia harufu ya mwani. Kiti kitupu kando yake kililia, kama kimekaliwa na mtu mzito.

"Mwenyekiti," alinong'onezwa, na sauti safari hii ilikuwa yake mwenyewe, Chome, "kwangu wameshaandaa. Twende."

Alitaka kumwita Menza. Midomo ilicheza. Mbele, Menza alikuwa amelipa darasa mgongo, anaandika ubaoni, anahesabu kwa sauti kubwa pamoja na watoto.